Homoni na hedhi

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi na baadhi ya tishu za mwili, kisha zikasafiri ndani ya damu kupeleka ujumbe kwa viungo vilivyo mbali. Hedhi ni damu inayotoka katika mfuko wa uzazi wa mwanamke aliyevunja ungo na asiye na mimba, kwa kawaida mara moja kila baada ya siku 21 hadi 35. Homoni ndizo zinazoileta hedhi, kuipangia siku na kuikomesha. Kwa hiyo mabadiliko ya hedhi ni mojawapo ya dalili za wazi zaidi za hali ya homoni katika mwili wa mwanamke.

Makala hii inaeleza uhusiano huo, pamoja na maswali yanayoulizwa katika pwani ya kaskazini ya Tanzania: Chumbageni na kata nyingine za Jiji la Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga. Huko dawa zenye homoni zimekuwa jambo la kawaida, lakini hedhi inapokosekana bado huleta hofu.

Asili ya neno

Neno homoni limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya "kuchochea". Mwingereza Ernest Starling alilitumia mwaka 1905. Miaka mitatu kabla yake, yeye na William Bayliss walikuwa wameonyesha mjini London kwamba utumbo mwembamba hutoa kitu kinachopita katika damu na kuiamuru kongosho itoe majimaji ya kumeng'enya chakula, hata kama neva zote za kwenda huko zimekatwa. Kabla ya hapo ilidhaniwa kuwa viungo vya mwili huwasiliana kwa njia ya neva peke yake.

Namna zinavyofanya kazi

Homoni hupita mwili mzima, ila husikika tu kwenye seli yenye kipokezi chake, kama ufunguo unaopitishwa kwenye milango mingi na kufungua ule wenye kufuli lake. Ndiyo maana estrojeni huyakuza matiti na ukuta wa mfuko wa uzazi, huimarisha mifupa, na wakati huohuo haina la kufanya kwenye seli zisizo na kipokezi chake.

Kiasi chake ni kidogo mno. Hata siku ambayo estrojeni iko kileleni, yote iliyomo katika damu ya mwanamke ni karibu sehemu moja tu kati ya sehemu milioni za gramu. Chembe moja ya chumvi ina uzito kuliko huo mara nyingi. Kwa sababu hiyo homoni haziwezi kupimwa kwa kuangalia ulimi, viganja au rangi ya damu. Hupimwa maabara, na majibu yake hayana maana bila kujua damu ilichukuliwa siku ya ngapi ya mzunguko.

Jambo la pili la msingi ni kwamba homoni hujidhibiti zenyewe. Katika tangi la maji kuna boya: maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga bomba, yakishuka, bomba hufunguka. Ubongo na ovari hufanya hivyohivyo. Hipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, hutoa homoni kwa midundo. Midundo hiyo huifikia tezi pituitari, yenye ukubwa wa punje ya kunde, nayo hutoa homoni mbili zinazofupishwa kama FSH na LH. Hizo huenda kwenye ovari. Ovari hujibu kwa estrojeni na projesteroni, na zikizidi katika damu, ubongo hupunguza amri zake.

Mzunguko wa hedhi

Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu. Katika siku hizo FSH hukuza vifuko kadhaa vya mayai, na kimoja hutangulia vingine. Kifuko hicho hutoa estrojeni kwa wingi, na estrojeni huujenga upya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ikidumu juu kwa muda wa siku mbili hivi, mambo hugeuka: badala ya kuizuia pituitari, huichochea. LH hupanda ghafla, na baada ya kama siku moja na nusu yai huachiliwa.

Kifuko kilichobaki hugeuka kuwa tezi ya muda iitwayo mwili wa njano, ambayo hutoa projesteroni. Homoni hii huuandaa ukuta kupokea mimba. Mimba ikitungwa, kiinitete hutoa homoni yake ya kuuhifadhi mwili wa njano. Hiyo ndiyo inayopimwa na kile kipimo cha mkojo kinachouzwa kwenye maduka ya dawa. Mimba isipotungwa, mwili wa njano hufa baada ya siku 14 hivi, projesteroni hushuka, ukuta hukosa wa kuushikilia, na sehemu yake ya juu hubomoka na kutoka pamoja na damu.

Hii ndiyo hoja inayohitaji kukaziwa kuliko zote katika somo hili. Hedhi si uchafu unaokusanywa mwezi mzima kutoka mwilini ili utolewe. Ni ukuta uliojengwa na homoni mwezi huohuo, ukabomoka homoni ziliposhuka. Mwanamke wengi wao hupoteza mililita 30 hadi 40 kwa hedhi moja, yaani vijiko sita hadi nane vya chai, ingawa kwa macho huonekana nyingi zaidi. Zikizidi mililita 80, hedhi ni nzito na huweza kuleta upungufu wa damu, hasa pwani ambako malaria na minyoo nayo huipunguza.

Maumivu ya hedhi husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazotoka katika ukuta unaobomoka na kuubana msuli wa mfuko wa uzazi. Dawa kama ibuprofeni huzuia utengenezaji wake, ndiyo maana hufaa zaidi zikimezwa maumivu yanapoanza kuliko yakishakuwa makali. Katika lugha ya pwani maumivu hayo mara nyingi huitwa chango. Neno hilo ni pana: hubeba pia uvimbe wa mfuko wa uzazi, maambukizi ya nyonga na ugonjwa ambao tishu kama za ukuta huo huota nje ya mahali pake. Mwanamke anayesema ana chango anasema kweli kwamba anaumwa, lakini bado hajasema ugonjwa gani.

Hedhi katika mila na dini za pwani

Kwa desturi za Waswahili na majirani zao Wadigo, Wabondei na Wazigua, msichana aliyevunja ungo hukabidhiwa kwa somo au kungwi, ambaye humfundisha usafi, namna ya kuhesabu siku zake na mambo ya ndoa. Mafunzo hayo yalikuwa na bado ni shule ya kwanza ya afya ya uzazi kwa wasichana wengi. Kungwi humfundisha mwari kwamba hedhi ya kila mwezi ni alama ya uzima. Fundisho hilo ni sahihi kwa mwanamke asiyetumia dawa yoyote, na ndilo linaloleta mgongano pale sindano inapoingia.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika Jiji la Tanga, siku za damu zina hukumu zake. Mwenye hedhi haswali wala hafungi. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa zaidi pwani, huhesabu hedhi kuwa haipungui usiku na mchana mmoja wala haizidi siku 15, na siku za tohara kati ya hedhi mbili hazipungui 15. Damu iliyo nje ya mipaka hiyo ni istihadha: mwanamke hujisafisha, hutia udhu kwa kila swala ya faradhi, huswali na hufunga. Mtalikiwa naye hukaa eda ya tohara tatu.

Hapo homoni za dawa huacha kuwa suala la zahanati peke yake. Mwanamke anayetokwa na matone ya damu siku 20 kwa sababu ya sindano anataka kujua kama aswali. Aliyepewa talaka huku hedhi yake imesimamishwa na dawa anataka kujua eda yake itahesabiwaje. Muuguzi anaweza kumweleza damu hiyo inatoka wapi na dawa itadumu mwilini muda gani; hukumu ataipata kwa shehe. Asiposikilizwa na mmoja wa hao wawili, mara nyingi huacha njia kimyakimya.

Wengine hufanya kinyume na kuisogeza hedhi mbele kwa hiari, hasa kwa ajili ya Hija au Ramadhani. Hutumia vidonge vya norethisteroni, aina ya projesteroni ya kutengenezwa, wakianza siku chache kabla ya tarehe ya hedhi. Maadamu vinamezwa, ukuta haubomoki. Vikiachwa, damu hutoka baada ya siku mbili au tatu. Havifai kwa kila mtu, hasa aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, wala havizuii mimba vikitumiwa namna hiyo.

Sindano, vijiti na hedhi inayopotea

Huduma za uzazi wa mpango zilianza Tanganyika mwaka 1959 kupitia chama ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI. Tangu miaka ya 1990 vituo vinavyozitoa hutambulishwa kwa alama ya Nyota ya Kijani. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16, asilimia 32 ya wanawake walioolewa nchini walitumia njia ya kisasa, na sindano ndiyo iliyoongoza, ikiwa na asilimia 13. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta vijiti vimeipita sindano. Njia zote mbili ni homoni.

Sindano inayotumika zaidi ina miligramu 150 za medroksiprojesteroni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Vijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono na hutoa projestini kidogokidogo kwa miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Kwa mfano wa tangi, dawa hizi hulishika boya juu. Ubongo huhisi projesteroni ipo ya kutosha, LH haipandi ghafla, na yai haliachiliwi. Pia ute wa mlango wa mfuko wa uzazi huwa mzito, na ukuta wa ndani hubaki mwembamba.

Ukuta mwembamba hauna cha kubomoka. Katika miezi ya kwanza damu huweza kutoka kidogokidogo bila mpangilio, na baada ya mwaka mmoja wa sindano karibu nusu ya wanawake hawapati hedhi kabisa. Hapo ndipo huzuka maneno yanayosikika Afrika Mashariki nzima: kwamba damu imezuiliwa, inajaa tumboni, itageuka uvimbe au kupanda kichwani. Hofu hiyo si ya kijinga. Ukiamini kuwa hedhi ni taka inayotolewa, basi kutotoka kwake lazima iwe ni kujaa. Anayeambiwa tu "ni kawaida, usijali" haondolewi hofu, kwa sababu hajaonyeshwa kuwa damu hiyo haikutengenezwa.

Ipo hali ambayo damu hujaa kweli, nayo ni tofauti. Msichana aliyezaliwa na kizinda kisicho na tundu huvunja ungo kwa ndani: homoni zake ni nzima, ukuta hujengwa na kubomoka, lakini njia imezibwa. Huumwa tumbo kila mwezi, tumbo huvimba, wala damu haionekani. Tiba ni upasuaji mdogo. Mwanamke wa sindano hana maumivu hayo ya kila mwezi kwa kuwa kilichosimama kwake ni ujenzi wenyewe.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Katika pakiti nyingi kuna vidonge 21 vyenye homoni na 7 visivyo nazo, ambavyo mara nyingi huwa na madini ya chuma. Damu hutoka katika siku za hivyo saba, kwa sababu homoni zimeshuka. Wanaotumia vidonge huona damu kila mwezi na kuamini mwili unafanya kazi kama zamani, ingawa hawaachilii yai sawasawa na wenzao wa sindano.

Madhara halisi ya sindano yapo na yanapaswa kutajwa bila kufichwa. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito. Uimara wa mifupa hupungua kiasi wakati wa matumizi na hurudi baada ya kuacha. Uzazi huchelewa kurejea: kwa wastani mimba hupatikana miezi 10 hivi baada ya sindano ya mwisho, na wengine huhitaji zaidi ya mwaka. Kwa mwanamke aliyeolewa ambaye familia inamsubiri azae, miezi hiyo ni mirefu, na kama hakuambiwa mapema atahukumiwa kuwa ni mgumba. Vijiti havina ucheleweshaji huo. Hata hivyo, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini na dawa ya VVU iitwayo efavirenzi hupunguza nguvu ya vijiti.

Swali la kama sindano huongeza hatari ya kuambukizwa VVU lilijadiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake 7,829 nchini Kenya, Eswatini, Zambia na Afrika Kusini, ukilinganisha sindano, vijiti na kitanzi cha shaba. Haukukuta tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo. Hakuna hata moja kati yake inayokinga VVU.

Hedhi inapokosekana bila dawa

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni mimba. Ya pili, kwa mwenye mtoto mchanga, ni kunyonyesha: mtoto anaponyonya, tezi pituitari hutoa prolaktini inayotengeneza maziwa, na midundo ya hipothalamasi hupungua. Mama anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto kitu kingine, ambaye mtoto wake hajafikisha miezi sita na hedhi haijarudi, ana kinga ya takriban asilimia 98 dhidi ya mimba. Sharti moja likivunjika, kinga hushuka. Wengi hawajui kwamba yai la kwanza huweza kuachiliwa kabla ya damu ya kwanza, hivyo mimba huja bila hedhi kuonekana tangu uzazi uliopita.

Ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa duniani, na wengi hawajagunduliwa. Ovari hutoa testosteroni kupita kiasi, mara nyingi pamoja na insulini iliyo juu. Mayai hayaachiliwi kwa mpangilio, hedhi huruka miezi, ndevu au chunusi huota, na hatari ya kisukari huongezeka. Kupunguza uzito kwa walio wanene husaidia, na zipo dawa za kuchochea yai. Tezi ya shingo, inayohitaji madini ya joto, nayo huvuruga hedhi ikizidi au kupungua kazi. Tanzania ilianza kulazimisha chumvi itiwe madini hayo katika miaka ya 1990, jambo linalowahusu moja kwa moja wazalishaji wa chumvi wa mwambao.

Maneno "mvurugiko wa homoni" yameenea sana katika matangazo ya dawa za kienyeji na virutubisho. Kwa yenyewe si jina la ugonjwa. Homoni za mwili ni nyingi, na dawa inayodaiwa kuzisawazisha zote haijaeleza inashughulika na ipi.

Homoni wakati wa kujifungua

Oksitosini hutoka katika tezi pituitari na kuubana mfuko wa uzazi wakati wa uchungu. Huyasukuma pia maziwa. Mfuko usipokaza baada ya mtoto kutoka, mishipa iliyokuwa imeshika kondo hubaki wazi na mama huweza kufa kwa kutokwa na damu katika muda mfupi. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliitengeneza oksitosini maabara mwaka 1953 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Leo mama huchomwa sindano yake mara baada ya kujifungua, Bombo, ambayo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, kama ilivyo katika zahanati za vijijini.

Tatizo lake ni joto. Oksitosini inatakiwa kuhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na katika hali ya hewa ya pwani umeme ukikatika muda mrefu dawa hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Mwaka 2018 utafiti wa nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa dawa ya jamii yake isiyoharibiwa na joto, kabetosini, haipungukiwi sana nayo katika kuzuia damu. Mwaka 2023 utafiti mwingine katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ulipima damu kwa mfuko wenye alama za vipimo uliowekwa chini ya mama, kisha tiba zote zikatolewa kwa pamoja bila kusubiriana. Damu kubwa na madhara yake makuu vilipungua kwa asilimia 60.

Wapo wanaopona kutokwa damu nyingi lakini pituitari zao zikaharibika kwa kukosa damu. Daktari Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huo mwaka 1937. Mama hapati maziwa, hedhi hairudi, huchoka, huhisi baridi, na nywele za sehemu za siri hupungua. Kwa kuwa dalili huja polepole, miaka inaweza kupita akiambiwa ana upungufu wa damu au amerogwa. Tiba yake ni vidonge vya kuziba pengo la homoni zilizokosekana, na humezwa maisha yote. Mwanamke asiye na hedhi aulizwe kwanza uzazi wake wa mwisho ulikuwaje.

Kukoma hedhi

Kwa kawaida karibu na umri wa miaka 50, vifuko vya mayai huisha na estrojeni hushuka. Ubongo huongeza FSH bila kupata jibu. Joto la ghafla, kutokwa jasho usiku, usingizi wa mang'amung'amu na ukavu wa uke ni dalili za kawaida. Mifupa hupoteza uimara taratibu. Tiba ya homoni hupunguza dalili hizo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa tiba ya estrojeni na projestini pamoja huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti na ya damu kuganda, hivyo hutolewa baada ya kupima hali ya kila mmoja.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Damu inayotoka baada ya hapo, hata tone, wakati mwingine hupokewa kwa furaha kama ujana uliorudi. Si hedhi, kwa kuwa hakuna yai wala mwili wa njano wa kuileta, na mwanamke huyo anatakiwa kuchunguzwa saratani ya mlango na ya ukuta wa mfuko wa uzazi bila kuchelewa.